Cheo Nilikiacha Ofisini, Tamaa Yake Ikanifuata

Nianze na pesa, kwa sababu shuhuda nyingi za watu walioacha vyeo ili wamtumikie Mungu huiruka sehemu hiyo, na msomaji anabaki akidhani kwamba ada za watoto, mkopo na matibabu vilijimaliza vyenyewe kwa maombi. Kwetu havikujimaliza. Nilipoacha ukurugenzi wa fedha nikaenda kuwa mhudumu katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na kanisa, kipato cha familia kilishuka hadi chini ya theluthi moja. Gari la ofisi lilirudi ofisini. Bima nzuri ya afya ilikoma siku mkataba ulipokoma. Simu nazo zikanyamaza, maana wengi waliokuwa wakinipigia walikuwa marafiki wa kiti changu, na hilo liliniuma kuliko gari.

Tena nisingeondoka salama kama mke wangu asingenizuia kwanza. Nilimweleza kwa maneno mazito ya kiroho, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba, kama Mungu amekuita wewe, sawa. Lakini mimi na watoto hajatuita tulipe deni ulilokopa wewe." Nilikasirika, nikadhani imani yake ni ndogo. Baadaye nikasoma upya Marko sura ya 7, pale Yesu anapowakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, wakapata kisingizio cha kutowasaidia baba na mama zao. Hakuwasifu kwa ukarimu wao. Nikaona kwamba na mimi nilikuwa natoa sadaka kwa mfuko wa wengine.

Basi tukangoja zaidi ya mwaka. Tulimaliza mkopo, tukatenga akiba ya matibabu, tukawaeleza watoto wakubwa ni vitu gani vitapungua, na tukakubaliana kwamba mafao yangu hayataguswa kwa ajili ya kazi yoyote ya kanisa, hata aje nani kuomba. Na walikuja. Mtu anayeacha kazi kwa sababu ya Mungu huonekana kama mtu aliyeacha pia haki ya kukataa. Jifunze kusema hapana mapema, tena kwa upole. Mwito unaoweza kusubiri mwaka ukaendelea kuwa mwito ni wa kuaminika zaidi kuliko ule unaodai barua ya kuacha kazi iandikwe usiku huohuo.

Kwa nini niliondoka? Wengi hutegemea kusikia kwamba nilifilisika, niliugua au nilifiwa. Hapana. Mambo yalikuwa yakiniendea vizuri sana. Kanisani nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nilikaa safu ya mbele, na nikipewa kipaza sauti niliomba vizuri kiasi cha watu kuitikia kwa sauti. Ila nikiwa peke yangu sikuwa na la kumwambia Mungu. Nilipiga magoti, baada ya dakika chache akili ikarudi kwenye bajeti. Nilikuwa nimejifunza kuzungumza juu yake, nikasahau kuzungumza naye.

Katika kipindi hicho nilikutana na Baruku, katibu wa nabii Yeremia. Sura ya 45 ya kitabu cha Yeremia ina aya tano tu, zote zinamhusu yeye. Baruku analalamika kwamba amechoka kwa kuugua kwake wala haoni raha. Ukumbuke kwamba ndugu yake Seraya alikuwa afisa wa Mfalme Sedekia, kwa hiyo si vigumu kuwaza kwamba naye alikuwa ametegemea makubwa maishani. Jibu la Mungu ni swali: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Hakuahidiwa cheo. Aliahidiwa uhai wake uwe nyara yake popote atakapokwenda. Aya hiyo ilinikaa kooni kwa miezi.

Sasa nyumba ya wazee. Wengi wa wakazi wake walikuwa wamepata kiharusi, wengine kumbukumbu zilikuwa zimepotea, na wachache hawakuweza hata kugeuka kitandani. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja mhudumu wa miaka mingi, ambaye shule yake iliishia mapema lakini mikono yake ilijua kila kitu. Siku ya kwanza nilipomwogesha mzee aliyelala, nilishika kitambaa nikaanza kusugua kwa bidii, nikitaka nionekane sioni kinyaa. Akanishika mkono. "Baba, huoshi gari. Mwambie kwanza unataka kumfanya nini."

Akanionyesha. Maji unayapima kwa kifundo cha mkono wako, kwa sababu huyu hawezi kukuambia kwamba yanamuunguza. Uso kwanza, bila sabuni, jicho likipanguswa kutoka upande wa pua kwenda nje, na kila jicho kwa pembe yake ya kitambaa. Unafunua sehemu unayoiosha tu, kwingine kote taulo limefunika, kwa sababu aibu haipotei hata mtu akipoteza kauli. Kabla ya kufika sehemu za siri unabadilisha maji na kitambaa, kisha unapangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Unakausha katikati ya vidole, kwenye mikunjo na chini ya matiti, maana unyevu ukibaki ngozi inachubuka. Halafu unamgeuza, unaangalia visigino, nyonga, sehemu ya chini ya mgongo na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Gusa, kama pana joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza hapo. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kwa kawaida kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa makusudi. Mtu anayesema anataka kuwatumikia wazee kwa upendo wa Kristo, ila hajui kumlisha aliyepooza akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, na kumwacha akae hivyo nusu saa hivi baada ya kula, anaweza kumfanya apaliwe huku akimwimbia pambio. Upendo una ufundi wake. Kama unakwenda kwenye kazi ya namna hii omba ufundishwe, hata kama umri na shahada zako zinamfanya mwalimu akuonee haya.

Nilitegemea kwamba nikishika beseni, kiburi kitakufa chenyewe. Hakikufa. Kilivaa aproni.

Haikuchukua muda nikawa nimepanga upya daftari la zamu bila kuombwa. Nikaandaa jedwali la matumizi ya nepi za watu wazima, zuri kwa kweli, lakini nililitoa kikaoni kwa namna ya mtu anayengoja kupigiwa makofi. Wageni wakija kutembelea, mimi ndiye niliyekuwa nainama karibu na kitanda cha mlangoni. Nikialikwa kutoa ushuhuda, mshahara niliouacha ulikuwa unaongezeka kila niliposimulia. Nilikuwa na unyenyekevu wenye barua ya utambulisho. Yule mama alinivumilia, halafu siku moja tukikunja mashuka akasema bila hata kuniangalia, "Wewe hujaacha ukurugenzi, baba. Umehama ofisi tu."

Akaniomba nichukue kazi ya chumba cha nyuma, kule mashuka na nguo zilizochafuka zinakosuuzwa kabla ya kufuliwa. Glavu nene, maji baridi kwanza ili uchafu usigande kwenye kitambaa, harufu inayokufuata nyumbani. Mgeni haingii kule. Hakuna wa kumsimulia, na hata ukisimulia hakuna anayetaka kusikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Yesu, katika Mathayo 6, anataja sirini mara tatu, kwa sadaka, kwa sala na kwa kufunga. Siri inakunyima mshahara mwingine wowote, na usipokuwa na Mungu ndani ya kile chumba, basi huna kitu.

Sikufurahi, nisikudanganye. Kwa wiki nyingi nilikuwa na hasira tu. Nilifanya kazi huku nikimtungia yule mama hotuba kichwani. Maombi yaliporudi yalirudi kama malalamiko, lakini angalau yalikuwa yangu, bila mapambo ya kipaza sauti.

Katika chumba kile nilitafakari sana Zaburi ya 84. Wengi tunaijua aya yake: "Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu, kuliko kukaa katika hema za uovu." Kinachopita bila kuangaliwa ni jina lililoandikwa juu yake: wana wa Kora. Kora ni yule Mlawi wa Hesabu 16 ambaye tayari alikuwa na kazi takatifu katika maskani, lakini ikawa ndogo machoni pake. Alitaka ukuhani. Akakusanya wakuu 250, wakamkabili Musa na Haruni, na mwisho wake nchi ikafunua kinywa ikammeza. Sura kumi mbele, katikati ya orodha ya majina, imechomekwa sentensi fupi: "Lakini wana wa Kora hawakufa." Ukifika 1 Nyakati 9 unawakuta Wakora wakiwa walinzi wa milango ya maskani. Yaani uzao wa mtu aliyeiona nafasi yake kuwa ndogo ndio wanaoimba kwamba kusimama mlangoni kunawatosha. Sijui mahubiri yanayoweza kunisema zaidi ya hapo. Babu aliangamia akipigania nafasi ya ndani zaidi, wajukuu wakaimba wakiwa kizingitini.

Kuna bawabu mwingine aliyenisaidia, wa nyakati za karibu. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena mpaka akafika Italia, na huko akapata uhuru wake na kuwa mtawa wa shirika la Wakanosa. Kwa miaka mingi katika mji wa Schio kazi zake zilikuwa jikoni, kushona, na kufungua mlango wa konventi, yaani nyumba ya watawa. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu. Wapo wanaosoma habari zake wakaona utumwa umebadilishwa jina tu. Mimi naona tofauti kubwa sana: kazi ya kwanza alilazimishwa kwa viboko, ya pili aliichagua akiwa huru, baada ya mahakama ya Italia mwaka 1889 kutamka kwamba hakuwa mali ya mtu. Utumishi usio na uhuru ndani yake usiuite unyenyekevu. Ukiona mahali watu wanatumikishwa, wananyimwa posho yao na kuambiwa wajinyenyekeze, hapo pana dhuluma, na ni halali kuondoka.

Nirudi kwenye maombi, kwa kuwa ndiko nilikopata shida kubwa kuliko nepi. Nilidhani karibu na wagonjwa ndipo karibu na Mungu, kwamba huduma yenyewe ni sala. Inaweza kuwa. Lakini mwili uliochoka hulala, na roho isiyolishwa huanza kuwachukia wale inaowahudumia. Nilijikuta namgeuza mtu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, itazame mikononi mwako kabla hujaitafuta moyoni.

Niliyemfuata hapo ni Bruda Lawrence, aliyewahi kuwa askari, kisha bruda wa Wakarmeli, shirika la watawa, mjini Paris katika karne ya 17. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Alizoea kuzungumza na Mungu maneno machache katikati ya masufuria, akageuza kila kazi kuwa mazungumzo. Wasichosema wengi wanaomsifu ni kwamba mwanzoni alihangaika kwa miaka. Mimi nilianza na kitu kidogo: kabla sijagusa mlango wa chumba nasema, "Bwana, niingie nawe." Nikitoka nataja jina la niliyemhudumia. Asubuhi, kabla ya zamu, natenga muda wa kukaa na Zaburi moja, simu ikiwa chumba kingine. Siku ya mapumziko siguswi. Hata mitume waliporudi na habari za kazi zao, Yesu aliwaambia waende faraghani wapumzike kidogo.

Na usione haya kutafuta msaada. Henri Nouwen, padri Mholanzi aliyefundisha Yale na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, aliacha ualimu wa chuo kikuu na mwaka 1986 akahamia jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Toronto, Kanada. Baada ya muda alizama katika huzuni kali, akalazimika kuondoka kwa miezi kadhaa kupata tiba na ushauri, kisha akarudi. Makofi yakikoma ghafla, mtu huweza kuvunjika. Kuwa na mtu wa kukuongoza kiroho, asiye bosi wako, anayeweza kukwambia nenda kamwone daktari.

Yupo mzee ambaye hakunipenda. Alikuwa na cheo kikubwa katika utumishi wake, na alipojua nilikotoka akaniona mjinga au mpelelezi. Alinitemea chakula. Akawaambia jamaa zake kwamba nimemwibia saa, na nikahojiwa mbele yao kama mwizi mpaka ilipoonekana ndani ya foronya. Hakuomba radhi. Kesho yake zamu ilinirudisha kwake na beseni. Yohana 13, pale Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, inasimuliwa kila Alhamisi Kuu, lakini siku ile ndipo nilipoona kwamba miguu ya Yuda ilikuwemo kati ya ile iliyooshwa. Nikaona pia aya ya tatu: Yesu anasimama kuvua mavazi yake "hali akijua" kwamba ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Alijua yeye ni nani kabla hajainama. Mimi nilikuwa nainama ili nijue mimi ni nani, ndiyo maana tusi moja lilinitikisa wiki nzima. Nilimwosha yule mzee, sikumpenda, nikasema kwa Mungu kwamba simpendi. Ilitosha kwa siku ile.

Husemwa kwamba mtu akikaribia kufa hakumbuki cheo chake. Niliowaona mimi walikumbuka. Mmoja, mkuu wa shule wa zamani, aliita majina ya wanafunzi usiku kucha na kukasirika darasa likiwa kimya. Tukazoea kumwitikia. Anaita jina, mhudumu aliye karibu anajibu, "Nipo, mwalimu!", anatulia, anaita lingine. Sikuwahi kumcheka. Kazi ile aliipenda, na nadhani Mungu naye aliipenda.

Kwa hiyo simwambii kila mtu aache kazi. Watoza ushuru na askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, katika Luka 3, hakuwaambia wajiuzulu. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, wasidhulumu, watosheke na mishahara yao. Danieli alitumika ikulu mpaka uzeeni huku akipiga magoti mara tatu kwa siku. Inawezekana kabisa mkurugenzi akawa karibu na Mungu kuliko mhudumu aliyekuwa mkurugenzi. Ukiwa na madaraka, una utumishi ambao sisi wa mabeseni hatuna: kulipa watu kwa wakati, kumsikiliza mlinzi wa getini hadi mwisho, kusaini kwa haki jambo ambalo hakuna atakayejua ulilisaini.

Kuna siku niliumia mgongo kwa kumnyanyua mtu peke yangu, kwa haraka, badala ya kuita mwenzangu tukamsogeza kwa shuka. Kunja magoti kidogo, mgongo wima, mzigo karibu na mwili, na kama ni mzito usijaribu. Nililala nyumbani kwa muda, mke wangu akawa ananifunga kamba za viatu na kunisaidia kuoga. Niliona haya kuliko siku zote nilizowaosha wengine. Petro alikataa kuoshwa, naye aliambiwa kwamba asipokubali hana sehemu na Bwana wake. Nilipopona, nilianza kuwaomba wazee ruhusa kwa sauti nyingine. Tayari nilijua inavyokuwa kungoja mkono wa mtu.

Kama bado unataka kuingia njia hii, usiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Omba kujitolea siku za mapumziko kwa miezi kadhaa, mahali wasipokufahamu, na usitaje unachofanya kazini. Omba zamu ya usiku. Omba usipewe kushughulika na wageni wala fedha. Wakikuuliza shahada yako, jibu kwa ukweli na kwa kifupi, kisha uliza mashuka yako wapi. Mwenzi wako awe ndiye wa kusema kama umebadilika au umechoka tu. Na hesabu za nyumbani mzipitie pamoja kila mwaka, kwa maandishi. Sisi za mwaka huu bado zina shimo upande wa ada, kwa hiyo nimeanza tena kufanya ukaguzi wa hesabu za watu jioni mbili kwa wiki, na mke wangu ndiye anayepanga bei.